Kano ya Kisigino: Istilahi, Dalili na Matibabu

UTANGULIZI

Neno mshipa ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyobebeshwa maana nyingi mno. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva. Mshipa ni kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Na kwa watu wengi mshipa ni maradhi ya kuvimba mapumbu. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu wa maana hauleti madhara, kwa kuwa msemaji huonyesha kwa kidole mahali panapomwuma. Lakini kijaratasi cha maelezo ya afya hakina kidole. Msomaji wake hana lingine la kushika ila neno lililoandikwa.

Jambo hili tulilitambua kutokana na kosa letu wenyewe. Tulikuwa tumetayarisha rasimu ya maelezo ya kurasa mbili juu ya maumivu ya nyuma ya kisigino, nasi tukaipeleka Kakese, nje kidogo ya mji wa Mpanda katika Mkoa wa Katavi, isomwe mbele ya wakulima kabla ya kupigwa chapa. Tulipachagua Kakese kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa huko ni wakulima wa mpunga, na kazi yao ni ya miguu: kutembea hadi mashambani, kukanyaga matope, kubeba magunia na kuendesha baiskeli. Pili, eneo la Mpanda limekusanya watu wa asili mbalimbali, Wabende, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma na wengineo, ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Neno likieleweka sawasawa hapo, lina matumaini ya kueleweka kwingi.

Rasimu yetu ilisema hivi: "Mshipa wa nyuma ya mguu ukivimba na kuuma, usiogope. Punguza kazi, kisha anza mazoezi." Mzee mmoja akauliza kwa staha kama mshipa unaotajwa ni ule wa wanaume. Kijana mmoja akadhani tunasema juu ya ganzi inayoshuka toka kiunoni. Kisha mama mmoja, aliyejifungua majuma machache kabla ya hapo, akasema kwamba amefurahi kusikia si jambo la kuogopa, kwani kigimbi chake cha kushoto kimevimba na kina moto tangu juzi; ataanza mazoezi kesho yake. Muuguzi aliyekuwapo aliutazama mguu huo, akamkataza zoezi lolote, akamtafutia usafiri wa kwenda hospitali siku ile ile. Baadaye tuliarifiwa kwamba damu ilikuwa imeganda katika vena ya mguu, na kwamba alitibiwa akapona.

Mama yule hakukosea. Alilisoma neno mshipa kwa maana yake iliyo wazi zaidi, yaani njia ya damu. Kosa lilikuwa la sisi tuliolichagua. Katika makala haya tunaeleza istilahi tulizozitumia badala yake, na pamoja nazo ugonjwa wenyewe, dalili zake na matibabu yake. Kwa maana istilahi ya tiba haiwezi kuchaguliwa vema na mtu asiyekijua kitu kinachopewa jina.

1. KWA NINI KANO

Kiswahili hakikupungukiwa na neno. Kila achinjaye ng'ombe au mbuzi anaijua kano: ni ile kamba nyeupe, ngumu, isiyotafunika upesi, iliyo mwishoni mwa mnofu pale unaposhikana na mfupa. Tulipowauliza wasikilizaji wetu wa Kakese kitu hicho kinaitwaje, wengi walijibu bila kusita. Hivyo tunashauri kwamba neno kano litumike kwa kamba inayounganisha msuli na mfupa, na kwamba neno mshipa lisitumike kamwe kwa maana hiyo katika maandishi ya afya. Mshipa nao usiachwe peke yake: iandikwe mshipa wa damu, au ateri na vena pale inapohitajika kutofautisha, na neva kwa nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo na mwili.

Baadhi ya waandishi hutumia kano pia kwa kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa kwenye kiungo. Ingawa zote mbili hufanana kwa macho, kazi zake ni mbalimbali, na majeraha yake hayatibiwi kwa namna moja. Kwa hiyo kamba ya mfupa kwa mfupa iitwe ligamenti, na kano ibaki na maana yake moja.

Swali la pili ni jina la kano hii mahususi. Katika lugha nyingi za Ulaya huitwa kwa jina la Achilles, shujaa wa Wayunani wa kale. Hadithi husema kwamba mama yake alimzamisha katika mto wa kuzimu ili asidhuriwe na silaha yoyote, lakini alimshika kisigino, na sehemu hiyo haikupata maji. Huko ndiko alikopigwa mshale akafa. Jina hilo liliingia katika elimu ya mwili kwa kalamu ya Philip Verheyen mwaka 1693. Mwalimu wa fasihi ataona raha kuisimulia hadithi hiyo, lakini mkulima anayeuma mguu hapati msaada wowote kwa kuambiwa jina la Achilles. Hata wataalamu wa kimataifa, katika orodha ya majina ya sehemu za mwili iliyotolewa mwaka 1998, waliitaja kano hii kwa jina linalotokana na mfupa wa kisigino. Basi nasi tunasema kano ya kisigino. Jina hili laonyesha mahali, na msomaji akilisikia mkono wake huenda wenyewe panapohusika.

Swali la tatu ni gumu zaidi, nalo ni jina la ugonjwa. Neno uvimbe lina hatari zake. Siku hizi wengi hulisikia kwa maana ya nyama iliyoota mwilini, kama katika uvimbe wa kizazi, na kulitaja kwaweza kumtia mgonjwa hofu ya saratani. Neno mchochota ni bora kwa hali ile ambayo mwandishi wa Kirumi aitwaye Celsus aliieleza katika karne ya kwanza kwa alama nne: wekundu, kuvimba, joto na maumivu. Lakini hata mchochota haufai kwa kila kano inayouma. Wataalamu walipoangalia kwa hadubini kano zilizouma kwa miezi mingi, waliona kwamba seli za mchochota ni chache au hazionekani. Walichokiona ni nyuzi zilizochakaa na kuvurugika mpangilio, kama kamba ya katani iliyofumuka. Ndiyo maana mwaka 1998 Maffulli, Khan na Puddu waliandika kwamba wakati umefika wa kubadili istilahi za maradhi ya kano, kwa kuwa zinapotosha.

Mabadiliko hayo yanagusa matibabu moja kwa moja. Aambiwaye kwamba ana mchochota hutafuta dawa ya kuuzima na hulala akingoja upoe. Aambiwaye kwamba kano yake imechakaa huelewa kwamba inahitaji kuimarishwa, na kuimarishwa huko ni kwa kazi ya taratibu na muda mrefu. Kwa hiyo tunapendekeza ugonjwa wa kano ya kisigino liwe jina la jumla, na mchochota wa kano litumike tu pale ambapo alama za mchochota zipo kweli, hasa katika siku za mwanzo.

2. KAZI YA KANO HII

Kano ya kisigino ndiyo nene na yenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Urefu wake kwa mtu mzima hukaribia sentimita 15. Huanzia kwenye misuli ya kigimbi na kuishia nyuma ya mfupa wa kisigino. Misuli ya kigimbi ikijikaza, kano huvuta kisigino juu na mtu husukumwa mbele. Mtu akimbiapo, mzigo unaopita katika kano hii hufikia mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake, na wakati mwingine zaidi.

Hata hivyo, sehemu yake iliyo kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino hupata damu kidogo. Hapo ndipo inapouma mara nyingi, hapo ndipo inapokatika, na ndiyo sababu hupona polepole.

Ugonjwa huu kwa kawaida hutokana na mzigo ulioongezwa ghafla kuliko uwezo wa kano: mkimbiaji aliyezidisha maili, askari mpya aliyeanza gwaride, mkulima aliyekaa miezi ya kiangazi kisha akaingia shambani kwa mkupuo mvua ziliponyesha. Umri, uzito uliozidi, ugonjwa wa kisukari na vigimbi vilivyokakamaa huongeza uwezekano wake. Viatu bapa visivyo na kisigino, kama zilivyo katambuga zilizochakaa, humwongezea maumivu aliyekwisha kuugua.

Ugonjwa huu hauwaonei wanyonge peke yao. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney huku kano yake ya kisigino ikimsumbua. Tarehe 25 Septemba 2000 alishinda mbio za mita 10,000 kwa kumpita Paul Tergat wa Kenya kwa sehemu 9 za mia za sekunde. Baada ya michezo hiyo alilazimika kupasuliwa. Mwaka uliofuata, huko Edmonton, alipata nishani ya shaba. Basi ikiwa kano ya bingwa namna hiyo yaweza kuchoka, hapana aibu kwa mkulima au mwalimu kusema kwamba yake imechoka.

3. NAMNA YA KUUTAMBUA

Mgonjwa na amwangaliaye watazame mambo yafuatayo:

(a) Maumivu huwa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino au pale kano inaposhikana na mfupa. Ukiibana kano kwa vidole viwili, mgonjwa hupaonyesha mahali hasa.

(b) Asubuhi, hatua za kwanza baada ya kuamka huwa ngumu na zenye maumivu. Akitembea kidogo mguu hulegea.

(c) Mwanzoni maumivu huja kazi inapoanza, hupungua katikati, kisha hurudi baada ya kazi au kesho yake. Ugonjwa ukiendelea, maumivu hudumu muda wote wa kazi.

(d) Kano hunenepa kuliko ya mguu wa pili. Pengine hushikika kifundo kidogo ndani yake.

(e) Kusimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja huuma au hushindikana.

Wekundu si alama ya kutegemewa kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Afadhali kulinganisha miguu miwili kwa kuigusa, kuona kama mmoja una joto kuliko mwingine.

4. HALI ZISIZOPASWA KUCHANGANYWA NAYO

Sehemu hii ndiyo iliyokosekana katika rasimu yetu ya kwanza, nayo ndiyo ambayo mfasiri hana ruhusa ya kuifupisha.

Kukatika kwa kano. Mtu husikia mlio au hudhani amepigwa teke kwa nyuma. Akigeuka haoni mtu. Hupata shida kujisukuma kwa mguu huo. Mlaze kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha bana kigimbi kwa mkono. Kwa kawaida wayo hujisogeza. Kano ikiwa imekatika kabisa, wayo hautikisiki. Huyu apelekwe hospitali mara moja. Mtu aweza kuendelea kutembea kwa kuchechemea ingawa kano imekatika. Kutembea kwake kusimdanganye mtu.

Damu kuganda katika vena. Hapa kinachovimba na kupata joto ni kigimbi chenyewe, pengine mguu mzima, wala si kano iliyo juu ya kisigino. Hatari huzidi kwa mwanamke mjamzito au aliyejifungua karibuni, kwa aliyepasuliwa, na kwa aliyelala kitandani au kusafiri muda mrefu. Akipata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura. Huyu hapewi mazoezi wala kukandwa, hupelekwa hospitali.

Maambukizo. Ikiwapo homa, jeraha, usaha, au ngozi yenye joto kali inayozidi kuenea, mgonjwa amwone tabibu siku hiyo hiyo.

Madhara ya dawa. Dawa za jamii ya fluorokwinoloni, ambazo siprofloksasini ni mojawapo, zaweza kudhuru kano hata kuikata, hasa kwa watu waliopita miaka 60 na wale wanaotumia dawa za jamii ya kotikosteroidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali la jambo hili liwekwe katika maelezo ya dawa hizo. Mgonjwa anayezitumia na akapata maumivu ya kano asiendelee na kazi nzito, naye arudi kwa aliyempa dawa kabla ya kumeza dozi nyingine, ili abadilishiwe ikibidi. Mfasiri akiandika hapa kwamba dawa yaweza kudhuru "mishipa", onyo hilo limepotea: msomaji atayangoja maumivu ya moyo au ya kichwa, na kisigino chake hatakitilia maanani.

5. MATIBABU

Wengi hupona bila kupasuliwa, lakini si kwa siku chache. Mgonjwa aelezwe tangu mwanzo kwamba ahesabu miezi mitatu au zaidi, asije akakata tamaa katika juma la tatu.

Kwanza, mzigo upunguzwe. Kupunguza si kuacha kabisa, kwa maana kano isiyofanya kazi huzidi kudhoofika. Mtu aache kukimbia na kuruka, apunguze mizigo ya kichwani na masafa marefu, lakini aendelee kutembea kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kuendesha baiskeli kwa wengi hakuudhi kano sana.

Pili, kisigino kiinuliwe. Kipande cha ngozi au cha mpira kiwekwe ndani ya viatu vyote viwili, chini ya kisigino, ili kano isivutwe mno katika majuma ya mwanzo.

Tatu, maumivu yatulizwe. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi huweza kusaidia kwa dakika 10 hadi 15. Parasetamoli huweza kutumika. Ibuprofeni itumike kwa siku chache tu, wala isitumiwe bila ushauri na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mjamzito. Sindano ya kotikosteroidi ndani ya kano iepukwe, kwani yaweza kuifanya ikatike. Kuchanja chale hakuimarishi kano, bali hufungua mlango wa pepopunda na maambukizo mengine.

Nne, mazoezi, ambayo ndiyo tiba yenyewe. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu katikati ya kano. Baada ya majuma 12 ya mazoezi, wote 15 walirudia mbio zao. Tangu hapo imeonekana kwamba si kila mtu hupata matokeo mazuri kiasi hicho, lakini njia hiyo imebaki kuwa msingi wa tiba. Haihitaji chombo chochote ila ngazi, tofali au jiwe lililotulia, na ukuta au nguzo ya kushikilia.

Mgonjwa husimama ukingoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo. Hujiinua kwa miguu yote miwili, au kwa mguu mzima peke yake. Kisha huuhamishia uzito wote mguu mgonjwa, na kushusha kisigino polepole hadi kipite chini ya ukingo. Hujiinua tena kwa mguu mzima. Hufanya hivyo mara 15, hupumzika, na kurudia hadi mizunguko 3 goti likiwa limenyooka, kisha mizunguko 3 goti likiwa limekunjwa kidogo. Hufanywa mara mbili kwa siku, kila siku, kwa majuma 12. Maumivu madogo wakati wa zoezi si dalili mbaya; maumivu makali, au yanayozidi kesho yake, ni alama ya kupunguza. Zoezi likizoeleka, mzigo huongezwa kidogo kidogo, kwa mfano kwa kubeba mfuko wa mchanga mgongoni. Mwenye maumivu pale kano inaposhikana na mfupa afanye zoezi hili juu ya ardhi tambarare, bila kushusha kisigino chini ya usawa wa wayo. Anayeshukiwa kukatika kano asilifanye kabisa.

Katika kuyaandika mazoezi haya mfasiri ajihadhari na herufi moja. Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole ili kufikia kitu kilicho juu. Kuchuchumaa ni kukaa kwa kukunja magoti, makalio yakikaribia visigino. Mpiga chapa akikosea hapo, mgonjwa atafanya kinyume cha zoezi kwa majuma kumi na mawili. Sisi sasa huandika "inuka kwa ncha za vidole", maneno marefu kidogo lakini yasiyo na mtego.

6. ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Kano: kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa.
Ligamenti: kamba inayofunga mfupa kwa mfupa kwenye kiungo.
Mshipa wa damu: njia ya damu, ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha.
Neva: uzi unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili.
Kigimbi: mnofu wa nyuma ya mguu, baina ya goti na kifundo.
Kano ya kisigino: kano inayounganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino.
Mchochota: hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuuma, kupata joto na wekundu.
Ugonjwa wa kano: maumivu na udhaifu wa kano utokanao na kuchakaa kwa nyuzi zake.
Kukatika kwa kano: kuachana kwa nyuzi za kano, zote au baadhi.

HITIMISHO

Rasimu ya pili tuliisoma tena Kakese kwa istilahi hizi. Safari hii sentensi ya kwanza ilisema: "Kano ya kisigino ni kamba ngumu unayoishika nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino." Kabla hatujamaliza kuisoma, wasikilizaji wengi walikuwa wamekwisha kuinama na kuishika, nayo ilikuwa ndiyo. Sentensi ya pili ikasema: "Kikivimba kigimbi, soma ukurasa wa pili kwanza."

Twawaomba wafasiri, walimu wa sayansi na watumishi wa afya wazijaribu istilahi hizi mbele ya watu watakaozitumia, wala si mezani tu, na watuletee maneno yanayotumika katika sehemu zao kwa vitu hivi. Likipatikana neno lililo wazi zaidi kuliko haya, tutalipokea kwa furaha.